Yai la Mgeni katika Kiota cha Mnana
Somo kwa Wakulima, Walimu na Vijana

Msomaji, ikiwa karibu na nyumba yako, au shuleni, au kando ya kisima, pana mti uliotundikwa viota vya wanana, nakusihi usome somo hili ukiwa umeketi karibu na mti huo. Usiketi chini yake kabisa, maana utachafuliwa kofia. Mambo nitakayoyaeleza hutendeka juu ya vichwa vyetu kila mwaka mvua zinyeshapo, nasi hupita wala hatuyaoni. Mimi mwenyewe nilipita hivyo miaka mingi, na kwa kutoyaona nilimdhulumu mtoto wa watu, kama nitakavyosimulia.

Mnana nimtajaye hapa ni yule wa manjano, asukaye kiota kinachoning'inia kama kibuyu kilichofungwa tawini, mlango wake ukielekea chini. Dume ana kichwa cheusi na macho mekundu. Jike ana rangi hafifu. Wakulima humjua kwa hasara yake. Huchana majani ya minazi, migomba na mahindi apate nyuzi za kusukia, na nafaka ianzapo kukomaa hushuka shambani kwa makundi. Kwa hiyo nikisema kwamba leo nafundisha habari za mnana, wengi huniuliza mara moja, "Bwana Shamba, dawa yake ni nini?" Nitalijibu swali hilo kabla sijamaliza, lakini si kwa jibu wanalolitarajia.

JINSI MNANA ATAGAVYO

Dume ndiye msukaji. Akimaliza kiota huning'inia mlangoni akipigapiga mabawa na kuita majike. Jike huja, huingia, hukagua. Asiporidhika huenda zake. Na kiota kisichopata mke hufumuliwa na yule yule aliyekisuka, akaanza kingine mahali pale pale. Jike akiridhika huleta vichwa laini vya majani na manyoya, akatandika, kisha hutaga mayai mawili au matatu, moja kila siku. Yeye ndiye aatamiaye, muda wa siku kumi na mbili hivi.

Sasa litazame yai lenyewe. Katika mti mmoja waweza kuona kiota chenye mayai meupe yasiyo na doa, cha pili chenye mayai ya buluu, cha tatu chenye mayai ya kijani yaliyonyunyiziwa madoa ya kahawia. Nilipokuwa kijana nilidhani kwamba hao ni ndege wa aina mbalimbali wanaopanga katika mti mmoja. Sivyo. Wote ni wanana wa aina ile ile. Kila jike ana yai lake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Rangi aliyotaga mara ya kwanza ndiyo atakayotaga mpaka kufa kwake. Mayai ya kiota kimoja hufanana sana, ila ya jirani ni mengine kabisa. Weka jambo hili moyoni, maana ndilo kiini cha somo letu.

JINSI MGENI AINGIAVYO

Mgeni ni ndege mdogo wa jamaa ya kekeo. Hampiti sana mnana kwa ukubwa. Mgongo wa dume hung'aa kijani kama bawa la mbawakawa, tumbo lake ni jeupe, na macho yake mekundu. Huja pamoja na mvua, na mvua zikiisha huhama. Watu wengi humsikia bila kumjua, akilia juu ya mti mchana kutwa, "Di, di, di, dideriki!" Huyo aliaye ni dume. Jike hana makelele mengi, naye ndiye wa kuangaliwa.

Jike huyu hasuki kiota maisha yake yote, wala haatamii yai hata moja, wala halishi kinda. Usidhani kwa hiyo kwamba ni mvivu. Kazi yake ni upelelezi, nayo ni kazi ngumu. Yampasa ajue ni kiota gani ambacho mwenyewe amekwisha kuanza kutaga, lakini hajaatamia siku nyingi. Akiwahi mno, yai lake litakutwa peke yake ndani ya kiota kitupu, na mwenyewe ataona mara moja kwamba si lake. Akichelewa, mayai ya mwenyewe yatatangulia kuanguliwa, na kinda la mgeni litakuta wenziwe wamekwisha kupata nguvu. Nafasi yake ni ya siku chache tu.

Na hata siku ikiwa imefika, saa nayo ni shida. Wanana wakimwona kekeo karibu na mti wao humwendea kwa kelele, kundi zima. Basi hungoja mwenyewe atoke, huruka moja kwa moja mpaka mlangoni, huingia, hutoa yai moja la mwenyewe, hutaga la kwake, akaondoka. Huenda kiota baada ya kiota namna hiyo, akiacha yai moja moja, hata kufikia yapata mayai ishirini katika msimu mmoja. Fikiri jinsi kuku wetu atagavyo, kwa kuzunguka na kutulia na kisha kuwatangazia majirani wote. Kekeo angefanya vile angeuawa.

Zamani watu wa Ulaya, ambako yuko kekeo mwingine mkubwa kuliko huyu wetu, walibishana sana juu ya jambo hili. Walikuwa wamemwona jike akiruka na yai mdomoni, wakasema kwamba hutaga chini kisha hulibeba yai na kulitia kiotani. Mwingereza mmoja, Edgar Chance, alivizia viota miaka kadhaa akiwa na wapiga picha, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1922 alionyesha kwamba kekeo hutaga ndani ya kiota chenyewe, kwa muda wa sekunde chache tu. Yai lile lililo mdomoni ni lile lililoibwa. Watu waliona sawasawa, ila waliyaunganisha vibaya; na mimi ninayeandika sina haki ya kuwacheka.

KINDA

Yai la mgeni huanguliwa baada ya siku kumi hadi kumi na mbili, na mara nyingi hutangulia yale ya mwenyewe. Ni kwa sababu gani? Mwaka 2011 wataalamu walionyesha, kwa kekeo wa Ulaya na kwa mlembe wetu ambaye nitamtaja baadaye, kwamba mama hulizuia yai ndani ya mwili wake siku moja zaidi, katika joto lake mwenyewe. Litokapo, kinda limekwisha kuanza kukua. Ni kama mkulima aotesha mbegu majini kabla ya kuipeleka bustanini. Jirani zake watapanda siku ile ile, lakini yeye ataona majani kwanza.

Kinda la kekeo huzaliwa uchi na macho yamefumba. Hata hivyo, katika siku zake za kwanza, mara nyingi hujisukuma nyuma nyuma mpaka yai au kinda la mwenyewe lipande mgongoni mwake, kisha huinuka na kulitupa nje ya mlango. Halina mwalimu wala halijaona mwanga. Daktari Edward Jenner, yule aliyeanzisha chanjo ya ndui mwaka 1796, alikuwa ameieleza tabia hii ya kekeo wa Ulaya mwaka 1788, na wako waliomwona kuwa mzushi. Mnana hurudi akakuta mdomo mmoja wazi, naye huulisha. Hulilisha kinda lile wiki tatu mpaka liruke, na hata likiwa limetoka nje bado hulifuata akilitilia chakula kinywani.

KOSA NILILOLITENDA

Zamani, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilipewa kusimamia bustani ya shule moja. Karibu na vitalu palikuwa na mgunga wenye viota vya wanana vingi, na mwalimu mkuu alikuwa ameweka sheria kwamba mtoto asivunje mayai ya ndege. Asubuhi moja nikakuta chini ya mgunga ule mayai mawili yamevunjika, mengine ya siku zilizopita yamekaukia majanini, na kijana mmoja amesimama hapo hapo akiyatazama. Nikamwuliza, akasema, "Ndege mwenyewe ameyatupa." Nikaliona jibu hilo kuwa la ufidhuli. Nikamwadhibu kuteka maji ya vitalu juma zima, asubuhi na jioni, peke yake, na kisima kilikuwa mbali.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokuwa zimeanza, nilikuwa nimeketi mahali pale pale nikiandika hesabu ya miche. Jike wa mnana akaingia kiotani mwake, akakaa kitambo, kisha kichwa chake kikatokea mlangoni na yai mdomoni. Akaliachia. Likaanguka hatua tatu kutoka kiatu changu. Lilikuwa na madoa makubwa kuliko mengine niliyokuwa nimeyaona katika mti ule.

Nilikwenda nyumbani kwa kijana yule Jumapili iliyofuata. Baba yake alicheka sana, akasema kwamba mtoto hafi kwa kuteka maji. Kijana mwenyewe hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, amejuaje kwamba si lake?" Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu nikaanza kutafuta.

MUHURI WA MAMA

Jibu ni rangi. Mnana jike hulijua yai lake. Mwaka 1972 Jeanne Victoria alitangaza majaribio aliyoyafanya kwa wanana waliofugwa: aliwatilia viotani mayai ya wanana wengine, mengine yakifanana na yao, mengine yakitofautiana. Yaliyofanana sana yaliatamiwa. Yaliyotofautiana yalitupwa, na kadiri tofauti ilivyozidi ndivyo yalivyozidi kutupwa.

Basi sasa tunaelewa kwa nini rangi za mti mmoja ni nyingi. Kama wanana wote wangetaga mayai meupe, kekeo naye angetaga yai jeupe na kazi ingekwisha. Lakini kila mama ana muhuri wake, na mwizi hawezi kuchonga mihuri yote, maana yeye naye, kila jike, hutaga yai la namna moja tu. Kekeo ambao hutaga katika viota vya kweche, yule ndege mwekundu wa mashamba ya mpunga, wana yai la buluu kama la kweche. Wale wa mnana wana mayai ya namna zao. Kekeo aingiapo katika kiota cha mnana anabahatisha: yai lake likilingana na muhuri wa nyumba hiyo, amepata mlezi, lisipolingana, litaanguka chini ya mgunga, na pengine mtoto wa shule atalipiwa.

Huenda utasema kwamba haya ni maneno ya kukisia tu. Uko ushahidi mzuri, nao umetoka katika visiwa vya mbali. Mnana alipelekwa na watu katika kisiwa cha Hispaniola, chenye nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika, yapata miaka mia mbili iliyopita au zaidi. Na katika kisiwa cha Morisi mwaka 1886. Katika visiwa hivyo kekeo wetu hayuko. David Lahti aliyapima mayai ya huko na kuyalinganisha na ya wanana wa Gambia na Afrika Kusini, akatangaza matokeo mwaka 2005. Katika visiwa, mayai ya jike mmoja na mwingine yamezidi kufanana, na mayai ya kiota kimoja hayalingani tena sawasawa kama ya bara. Muhuri umeanza kufutika, kwa kuwa hakuna mwizi. Ila akili ya kulitambua yai geni haikupotea. Ukimtilia mnana wa kisiwani yai lililo tofauti kabisa, bado hulitupa.

Upande wa mwizi nao umechunguzwa, katika wilaya ya Choma kusini mwa Zambia. Huko yuko ndege wa manjano mwenye mdomo mnene, afananaye na mnana, ambaye hutaga katika viota vya ndege wadogo wa kahawia wakaao majanini. Claire Spottiswoode na Martin Stevens walilinganisha mayai ya ndege hao yaliyokusanywa katika muda wa miaka arobaini, wakaona kwamba rangi zilikuwa zimebadilika kwa pande zote mbili, mwenye nyumba akikimbia na mwizi akimfuata. Mwizi huyu ana hila nyingine. Mara nyingi mayai yake huwa mawili au zaidi katika kiota kimoja, na mwenyewe, akiona kwamba mageni ni mengi, huchanganyikiwa asijue lipi la kutupa. Na mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba jike wa aina hii hurithi rangi ya yai kwa mama yake peke yake, wala si kwa baba. Faida yake ni kwamba binti hutaga yai lililofaulu kwa mama. Hasara yake ni kwamba hawezi kuchanganya rangi za koo mbili; na wako wenye nyumba watagao yai la kijani kilichochanganyika na kahawia, ambalo mwizi hana namna ya kulighushi.

MLEMBE

Wafuga nyuki wataniuliza juu ya mlembe, yule ndege aongozaye watu kwenye asali. Naam, naye ni wa chama hiki, na tabia yake ni kali kupita ya kekeo. Hutaga katika matundu ya ndege wengine, kama vile keremkerem na hudihudi. Keremkerem mdogo wa Choma hujichimbia tundu ndani ya mashimo yaliyoachwa na muhanga. Humo ni giza, kwa hiyo rangi haina kazi: yai la mlembe ni jeupe tu, lakini ukubwa wake na umbo lake hufuata lile la mwenye tundu. Mama akiingia huyatoboa mayai anayoyakuta. Ikiwa moja limesalimika na kuanguliwa, kinda la mlembe lina kulabu mbili zilizochongoka kwenye ncha ya mdomo, na kwa hizo huwauma wenziwe gizani mpaka wafe. Jambo hili lilipigwa picha Choma, likatangazwa mwaka 2012. Kulabu hizo hupotea kabla kinda halijatoka tunduni, na ndege atokaye ni yule yule mpole akuitaye porini.

Nimesikia watu wakisema kwamba ndege wa namna hii ni wa uchawi, auawe. Nawasihi msifanye hivyo. Katika jimbo la Niassa, nchi ya Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa sauti yao maalum ya kutetemesha midomo na kuishia kwa mguno. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, mtu aliyetumia sauti hiyo aliongozwa mara 66 katika mia, na aliyetumia sauti nyingine mara 33 tu. Mlembe aliyewaongoza watu hao alizaliwa katika tundu la kuibia. Mkipasua mzinga wa porini mwachieni masega yenye nta, maana nta ndiyo chakula chake.

MASWALI YA MKULIMA

La kwanza: Je, kekeo atatuondolea wanana? Hapana. Jike mmoja hutaga yapata mayai ishirini kwa msimu, na wanana wa mti mmoja huweza kuwa na viota makumi. Tena mnana aliyepoteza mayai huweza kutaga mengine. Nafaka yako italindwa na watoto wa kuamia ndege, na kwa kuvuna upesi inapokuwa tayari. Kekeo usimhesabu katika walinzi.

La pili: Basi ana faida gani? Hula viwavi, hata wale wenye nywele ziwashazo ambao ndege wengine huwaepuka. Hiyo si faida ndogo kwa mwenye bustani. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu hana dhambi nyingine kwetu, mwacheni.

Kwa walimu wapendao kuwaonyesha wanafunzi, nasema hivi. Chagueni viota vitano vilivyo chini, mvifunge nyuzi za rangi mbalimbali matawini. Msiingize mkono kabla ya kutazama, kwa maana nyoka wa mitini nao hupenda mayai, na mlango wa kiota hauonyeshi aliyemo. Fungeni kioo kidogo kwenye fimbo, mmulike kwa kurunzi, mtazame upesi na kuondoka, mara moja kila siku mbili, wakati jike ametoka. Andikeni katika daftari tarehe, idadi ya mayai, rangi, na madoa. Yai likiongezeka bila kulingana na mengine, au idadi ikiwa ile ile na rangi imegeuka, mgeni amepita. Kila asubuhi tazameni pia chini ya mti, mkaandike vilevile yaliyoanguka, kabla siafu hawajafika.

Msingoje mvua zishike sana. Anzeni juma lile ambalo dume wa kwanza ataanza kuchana majani ya mgomba wenu.